Jina lilisomeka, viambato vikapotea: uchambuzi wa kisa cha mfuko wa korosho, Mtwara

Usuli

Kikundi ni cha akina mama wabanguaji wa korosho katika wilaya moja ya Mkoa wa Mtwara. Nimeondoa jina la kikundi, la kijiji na la chapa yao, pamoja na la kiwanda cha Dar es Salaam kilichochapa mifuko. Lebo niliichora mimi, na sehemu kubwa ya kilichoharibika ilianzia mezani kwangu.

Kwa muda mrefu walikuwa wakiuza korosho za kukaanga kwenye mifuko ya plastiki angavu iliyobandikwa karatasi. Karatasi hiyo ilitolewa stesheneri kwa printa ya ofisini. Mafuta ya korosho yakiigusa inapata madoa, na unyevunyevu wetu wa pwani unamalizia: wino unachuja, pembe zinajikunja. Aliyeipanga alikuwa na maneno mengi na nafasi finyu, akaishika fonti ya Arial kwa mausi na kuisukuma kutoka pembeni mpaka ikaingia. Kosa hili liko kwenye mabango mengi tu, kuanzia Mikindani hadi Masasi, ukitembea ukitazama juu. Herufi ikisukumwa hivyo, mistari yake ya wima inakonda huku ya mlalo ikibaki na unene ule ule, na herufi O inakuwa kama pete iliyokanyagwa.

Sasa walitaka mfuko wa kuchapwa kabisa, ule wa kusimama wenye zipu, wa gramu 100. Kipimo chake kilikuwa milimita 120 kwa 180. Ladha zilikuwa tatu: chumvi, pilipili, na isiyotiwa kitu. Kuchapa mifuko ya aina tatu kungewashinda kwa bei, kwa hiyo tulikubaliana mfuko uwe mmoja na ladha ionyeshwe kwa stika ndogo ya duara. Walihitaji mifuko iwe mkononi kabla ya maonyesho ya wakulima ya Nanenane, maana walikuwa na meza kwenye viwanja vya Ngongo, Lindi.

Kwa nini nilichagua herufi nyepesi zilizobanwa

Mwenyekiti alinipa maneno mawili tu ya mwongozo: mfuko uwe "wa kisasa" na "usipige kelele". Rangi waliyoitaka ilikuwa kahawia iliyoiva, kama ganda la korosho ghafi. Jina la chapa lina herufi kumi na moja, na chini yake lilitakiwa kuwapo "KOROSHO ZILIZOBANGULIWA NA KUKAANGWA". Jaribu kuandika "zilizobanguliwa" kwa fonti ya kawaida kwenye upana wa milimita 120 ukiacha pambizo pande zote mbili. Utaipunguza, na utaipunguza tena, mpaka ukubwa wake haufai kwa mtu anayepita mbele ya meza.

Hapo ndipo fonti iliyobanwa inapofanya kazi yake halali. Katika fonti ya namna hiyo mchoraji amechora kila herufi upya ikiwa na umbo jembamba, na unene wa mistari yote ameusawazisha kwa jicho. Mwaka 1957 Adrian Frutiger alipotoa Univers aliipanga familia nzima kwa namba: tarakimu ya kwanza ni uzito, yaani unene wa mistari, ya pili ni upana. Namba 55 ni ya kawaida, 57 ni ya kawaida iliyobanwa, na 47 ni nyepesi iliyobanwa. Napenda utaratibu ule kwa sababu unamlazimu mtu atambue kwamba uzito na upana ni mambo mawili tofauti. Mimi katika kazi hii niliyachukua yote mawili kwa pamoja bila kujiuliza kama niliyahitaji yote mawili.

Nilitumia Open Sans Condensed Light, niliyokuwa nayo kwenye kompyuta toka zamani. Ni ya Steve Matteson, haina vimkia kwenye ncha, leseni yake ni huria, na kwa macho yangu ni nzuri. Ila toleo lile la zamani lilikuwa na sura tatu tu: nyepesi, nyepesi ya italiki, na nzito. Katikati hapakuwa na kitu.

Mtiririko wa matukio

Upande wa mbele ulikuja vizuri kuanzia siku ya kwanza. Jina la chapa kwa herufi kubwa zenye kimo cha milimita 22, nyeupe juu ya kahawia. Ukubwa huo unaipa mistari unene wa milimita 1.7 hivi. Ni nyembamba kwa kutazama, lakini kwa mashine ni barabara pana.

Upande wa nyuma niliuacha mwisho. Kikundi kilinitumia maelezo yao kwa WhatsApp: viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi, namba ya toleo, jinsi ya kuhifadhi, na aya moja kuhusu kikundi. Jumla maneno 94, na bado msimbo wa mistari wa GS1, ule unaoanza na 620, ulidai sehemu yake. Niliyamwaga yote kwa fonti ile ile nyepesi, pointi 6, nyeupe juu ya kahawia, ili nyuma ifanane na mbele. Yalienea. Nilifurahi kwamba yameenea, na nikaacha kufikiri.

Kisha yakafuata makosa mawili ya uhakiki. La kwanza, picha ya kuidhinisha niliituma kwenye simu. Mwenyekiti na katibu waliivuta kwa vidole ikawa kubwa, wakasoma kila neno, wakasema sawa. La pili ndilo linaloniuma zaidi. Nilichapa sampuli kwenye karatasi ya kung'aa, lakini nikairuhusu printa ijaze karatasi nzima ya A4. Mfuko wa milimita 120 ukatoka kwenye karatasi yenye upana wa 210. Herufi tulizokuwa tunazikagua mezani zilikuwa zimekuzwa kwa zaidi ya nusu ya ukubwa wake.

Kiwanda kikauliza swali moja kwa simu: kahawia iwe wino wake peke yake, au itengenezwe kwa kulaza nyekundu na nyeusi, ambazo tayari zilikuwa kwenye kazi kwa ajili ya picha? Kila wino una pleti yake, bamba la kuchapia, na kila pleti ina bei. Nikashauriana na mweka hazina, tukachagua nyekundu na nyeusi. Pleti moja ikapungua. Sikuona uhusiano wowote kati ya uamuzi ule na herufi za nyuma.

Mifuko 3,000 ilikuja na basi, ikapokelewa stendi Mtwara mjini siku kumi na moja kabla ya Nanenane. Niliipeleka kijijini mwenyewe. Mwenyekiti, mama wa miaka sitini na kitu, alitazama mbele akatabasamu. Akageuza. Akausogeza mfuko mbali na uso, akausogeza karibu, akatoka nao barazani kwenye mwanga.

"Mwanangu, hebu nisomee hapa."

Nikachukua. Mstari wa viambato ulikuwa umebaki vipande. Herufi o zilionekana nusu, i hazikuwa na nukta, na palipokuwa na "zilizobanguliwa" palikuwa na vijiti vya wekundu uliofifia ndani ya kahawia. Kaulimbiu yao ilikuwa na neno "inayong'ara". Ile ritifaa, alama ya juu baada ya ng, ilikuwa imezibwa na wino, neno likabaki "inayongara". Nikamwambia ukweli: "Mama, hata mimi sisomi. Nimekosea."

Kilichotokea kwenye mashine

Hili nataka nilieleze taratibu kwa sababu vijana wengi tunaofanya kazi hizi tunajifunza kwenye skrini, na skrini haina wino.

Kwenye plastiki ya aina ile, herufi "nyeupe" haichapwi kama herufi. Ni tundu lililoachwa ndani ya kahawia ili weupe uliolazwa nyuma uonekane. Sasa kahawia yetu ilikuwa wino mbili. Maana yake pleti ya nyekundu iliacha tundu lake, pleti ya nyeusi ikaacha la kwake, na matundu hayo yalitakiwa kukaa moja juu ya jingine bila kupishana hata unywele. Plastiki inapopita kwenye rola inavutika. Kupishana kwa milimita 0.2 ni jambo ambalo mchapaji atakuambia halina neno, na kwa picha ya korosho kweli halina neno.

Lakini mstari wa herufi ile kwa pointi 6 una unene wa kiasi cha milimita 0.12. Tundu la 0.12, wino ukihama 0.2, limefunikwa lote. Na hata pleti zingekaa sawasawa, wino wenyewe unatambaa kidogo ukigandamizwa, kutoka kingo zote mbili kuelekea katikati. Herufi nyeusi juu ya nyeupe ingenenepa kwa mtambao huo na pengine ingepona. Herufi nyeupe ndani ya giza inakonda. Mimi nilikuwa nimechukua sura iliyokonda tangu asili, nikaiweka mahali pa kukondeshwa.

Kiwanda hakikukosea. Kilichapa faili nililokituma.

Maamuzi na sababu zake

Tulikaa chini ya mwembe wa mwenyekiti, watu watano, tukaweka njia tatu. Kuitupa mifuko yote na kuchapa upya: pesa hazikuwapo na siku zisingetosha. Kuiuza kama ilivyo: katibu alitaka hivyo, kwamba watu wananunua korosho, hawanunui maandishi. Mwenyekiti alikataa, na sababu yake ilikuwa nzito kuliko zangu za ubunifu. Kuna watu korosho inawadhuru, wapo wanaokatazwa chumvi na daktari, na tarehe ya mwisho wa matumizi isiposomeka mnunuzi hana pa kushika. Pia mkaguzi yeyote wa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, akiugeuza mfuko ule angekuwa na haki ya kuukataa.

Njia ya tatu ndiyo tuliyoifuata: stika ya nyuma, milimita 90 kwa 60, kufunika eneo lote la maandishi. Stika iwe ya plastiki, si karatasi, kwa sababu ya mafuta. Iwe nyeupe na maandishi meusi, wino mmoja. Ichapwe Mtwara mjini ili nisimame mwenyewe karibu na mashine. Gharama tuligawana nusu kwa nusu. Niliomba nilipe yote, wakakataa kwa hoja kwamba waliidhinisha nao.

Mbele hatukugusa. Ulikuwa uamuzi wa makusudi, ingawa kwa siku mbili nilikuwa na hamu ya kubadilisha kila kitu kwa aibu. Upande wa mbele ulikuwa unafanya kazi.

Kabla ya kushika fonti nilishika maneno. "Korosho hizi zimetengenezwa na kufungashwa na kikundi cha akina mama wa kijiji cha…" ikawa "Mtengenezaji:" na jina. "Tafadhali hifadhi bidhaa hii mahali pakavu pasipo na joto na uhakikishe umefunga zipu baada ya kutumia" ikawa "Hifadhi mahali pakavu. Funga zipu." Kutoka maneno 94 tukabaki na 51, na hakuna kilichopungua ambacho mnunuzi angekihitaji. Nafasi niliyokuwa nikiitafuta kwa kubana herufi ilikuwa imelala ndani ya sentensi muda wote.

Kwa fonti nilihamia Barlow, ya Jeremy Tribby, nayo ya leseni huria. Imechukua mwonekano wake kwenye vibao vya magari na alama za barabarani za California, na kilichonivutia ni kwamba ina upana wa aina tatu, na kila upana una uzito wa ngazi tisa. Nikachukua Barlow Semi Condensed uzito wa Medium, pointi 7. Imebanwa kidogo tu, na mistari yake imeshiba. Kipimo nilichojiwekea ni kile cha kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011, inayotaka kimo cha herufi x kwenye lebo za vyakula kisipungue milimita 1.2. Hatuuzi Ulaya, ila ni kipimo ambacho mtu anaweza kukishika kwa rula. Pointi 7 za Barlow zinakipita kwa uchache. Zile pointi 6 za mwanzo zilikuwa kama 1.1.

Matokeo

Stika 3,000 zilibandikwa kwa mkono, jioni mbili, ndani ya nyumba ya mwenyekiti. Chache zilipata mikunjo karibu na mshono wa chini. Mifuko ilifika Ngongo kwa wakati na iliuzwa. Faida ya mifuko ile ya kwanza ilipungua kwa nusu ya gharama ya stika, na upande wangu malipo yaliyobaki hayakutosha hata nauli za safari nilizofanya.

Uchambuzi

Kilichofaulu na kilichoshindwa vilitoka kwenye fonti moja, kwenye mfuko mmoja. Mbele mistari ya milimita 1.7, nyuma ya 0.12. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema herufi nyepesi zilizobanwa ni mbaya, wala na anayezipenda mpaka anazipaka kila mahali. Zipe ukubwa, zinakupa kimo bila kula upana: vichwa vya magazeti, mabango marefu, tiketi, jina refu kwenye chupa nyembamba. Katika maandishi madogo zinahitaji karatasi nzuri, wino mmoja, na rangi ya giza juu ya nyeupe. Hata hapo mimi ningepanda ngazi moja ya uzito, kwa hesabu ya Frutiger kutoka 47 kwenda 57.

Jambo ambalo sikuwahi kufundishwa, na ambalo naamini linatuhusu sisi kuliko wenzetu, ni umbo la Kiswahili chenyewe. Wachoraji wa herufi wa Ulaya wana neno lao la kujaribia, Hamburgefonstiv, lenye mchanganyiko mzuri wa mizunguko na mistari. Kiswahili hakiko hivyo. Viambishi vyetu ni li, zi, ki, vi, ni, mi. Tunaweka i na l ubavuni mwa kila kitu, halafu tunaongeza m, n na u, nazo ni nguzo tupu. Baadaye kikundi hicho hicho kiliniletea lebo ya juisi ya mabibo, na nikaandika "mililita 350" kwa ile fonti ya zamani ili nione. Neno "mililita" lina herufi nane na mistari ya wima kumi. Zikiwa nyembamba na zimesogeleana, jicho halioni tena herufi, linaona ua wa fito. Nukta za i ndizo zinazotusaidia kuhesabu, na ndizo za kwanza kufa kwenye wino. Tangu hapo siichagui fonti kabla ya kuiandikia "zilizobanguliwa", "mililita", "ng'ombe" na "Lindi" katika ukubwa halisi. "Ng'ombe" ni kwa ajili ya ile ritifaa, kwa maana ikipotea neno linabadilika sauti.

Nafasi kati ya herufi nayo niliipuuza. Fonti iliyobanwa huja na nafasi zilizobanwa, zinazopendeza kwenye kichwa kikubwa. Ikishuka chini ya pointi 8, lazima uilegeze. Kwa Kiswahili mimi naongeza asilimia 3 hadi 5, na kwa herufi kubwa tupu zaidi kidogo. Nafasi iliyookolewa kwa kubana, sehemu yake inarudi hapo. Ukiipigia hesabu hiyo mapema, mara nyingi utaona fonti ya upana wa kati ingekufikisha pale pale.

Uamuzi wa kupunguza pleti haukuwa wa kijinga. Ulikuwa sahihi kwa bei na kosa kwa herufi, na hakuna aliyekaa mahali pa kuona vyote viwili ila mimi. Mchapaji alikuwa na habari za wino bila kujua kuna maandishi ya 0.12. Kikundi kilijua bajeti. Swali la mchapaji la dakika mbili kwenye simu lilipaswa kunirudisha kwenye faili, nikatoa maandishi madogo ndani ya kahawia.

Na uhakiki wa kwenye simu: watu wazima zaidi ya miaka 40 huanza kupoteza uwezo wa kuona kitu cha karibu, na wanunuzi wa umri huo hawakosekani. Kioo cha simu kinawapa uwezo wa kukuza, ambao mfuko hauna.

Mpangilio wa toleo la pili

Miezi saba baadaye mifuko iliisha wakaagiza mingine. Jina la mbele lilibaki kama lilivyo, nyepesi na limebanwa. Nyuma pana kisanduku cheupe kilichochapwa, maandishi kwa pleti ya nyeusi peke yake, Barlow Semi Condensed ile ile. Chini yake niliacha eneo tupu la milimita 40 kwa 12, kwa ajili ya muhuri wa tarehe unaogongwa kwa mkono. Kwenye toleo la kwanza walikuwa wakiugonga juu ya kahawia, hauonekani.

Sampuli ya safari hii niliichapa asilimia mia, nikaikata kwa mkasi, nikaizungushia mfuko wa zamani uliojaa korosho ili ukae na tumbo lake. Tuliipeleka duka la jirani saa moja jioni, taa ikiwa ile ile ya dukani. Mwenyekiti alianza na viambato, akashuka kwenye uhifadhi, akafika "Namba ya toleo" na kusimama. Alisema mstari huo umekaa karibu mno na wa juu yake. Niliushusha milimita moja, nikatuma faili.